Kazi ya mwanabioinfomatiki katika Pwani ya Kenya

Bioinfomatiki ni taaluma inayounganisha sayansi ya kompyuta, takwimu na biolojia kwa lengo la kuchambua jenomu, yaani jumla ya taarifa za urithi zilizomo katika kiumbe au kirusi. Katika Pwani ya Kenya taaluma hii imestawi hasa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome la Uingereza zilianzisha programu ya utafiti mwaka 1989, na ambako Chuo Kikuu cha Pwani huandaa wataalamu wa fani hiyo.

Msingi wa kazi hii ni nadharia. Jenomu huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na swali la kwanza ni namna ya kupanga mifuatano miwili sambamba ili ioane kadiri inavyowezekana. Mwaka 1970 Saul Needleman na Christian Wunsch walichapisha algorithimu, yaani utaratibu wa hatua zinazofuatana hadi jibu lipatikane, ambayo hujaza jedwali la alama. ACGT ikilinganishwa na AGT, jedwali hubainisha kwamba pengo liwekwe mkabala na C. Kwa kuwa idadi ya visanduku hupatikana kwa kuzidisha urefu wa mifuatano yote miwili, jenomu mbili za kirusi cha korona, zenye herufi zipatazo 30,000 kila moja, huhitaji visanduku milioni 900, na ndiyo sababu wananadharia hutafuta njia fupi zisizopunguza usahihi.

Manufaa ya elimu hii yalidhihirika mwaka 2020, mwaka ambao serikali, kuanzia tarehe 6 Mei, ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa ili kudhibiti kirusi cha korona. Mtafiti George Githinji na wenzake walichambua jenomu 311 kutoka sampuli zilizokusanywa Pwani kati ya 17 Machi na 31 Julai, wakabaini kwamba kirusi kiliingia mara nyingi, hasa kutoka Ulaya, na kwamba ukoo wa kirusi hicho uitwao B.1 ulichukua asilimia 74 ya jenomu hizo. Utafiti mwingine wa Charles Agoti na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa Mombasa ilikuwa lango kubwa la kirusi hicho, jambo ambalo hesabu ya wagonjwa peke yake isingeweza kulibainisha.

Ulinganishaji huohuo wa herufi hutumika pia katika historia: mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wakiwemo wakazi wa mji wa Mtwapa, uliothibitisha kwamba wahenga wa Waswahili walikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kiasia.