Baridi ya Shambaai na Barafu Iliyofukiwa

Kabla ya kipimajoto chochote kupandishwa katika milima ya Usambara, Wasambaa walikuwa wamekwisha kuigawa nchi kwa hewa na mimea yake: juu ni Shambaai, nchi ya ukungu, mvua na migomba, na chini ni nyika, uwanda wa joto na ukame unaoizunguka milima kama bahari izungukavyo kisiwa. Vuga, mji mkuu wa Kimweri ye Nyumbai, ulikuwa upande wa juu wa mpaka huo, na ndiko alikofika mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 kuomba ruhusa ya kufungua misheni.

Tarehe 11 Mei mwaka huohuo mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake wa njia hakuuita kwa jina jingine ila baridi. Jibu hilo lilistahili heshima kubwa kuliko lilivyopata, maana lilitaja chanzo cha jambo lenyewe. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta, na ubishi haukuzimika hadi Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima huo mwaka 1861 na 1862. Wasambaa wangeweza kumweleza Cooley, bila kuondoka kwao, kwamba baridi hufuata mwinuko, yaani kimo cha ardhi kutoka usawa wa bahari.

Wajerumani walipoitawala nchi, waliigeuza baridi hiyo ya Usambara kuwa mali. Walianzisha shamba la majaribio huko Kwai mwaka 1896 ili kupima mazao ya Ulaya, na taasisi ya utafiti wa mimea huko Amani mwaka 1902. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na makao ya wilaya yakawa Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto. Kabichi, viazi, plamu na peasi za Lushoto ni urithi wa hesabu moja nyepesi: hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo wastani wa Tanga, ambao ni kama nyuzi 26, hushuka hadi nyuzi 17 au 18 kwenye mita 1,400 za Lushoto.

Hata hivyo, halijoto ya hewa si halijoto ya ardhi. Uso wa udongo hupata joto kali mchana na kupoa haraka usiku usio na mawingu, lakini badiliko hilo hufifia kadiri mtu anavyochimba, na chini ya nusu mita hivi usiku na mchana havitofautiani tena. Katika udongo wa Lushoto jambo hilo huilinda mizizi. Katika Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, ambako wastani wa halijoto ya hewa ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, unyevu wa udongo huganda usiku ukawa sindano za barafu zinazonyanyua changarawe, kisha jua la asubuhi huziyeyusha.

Barafu iliyo wazi juu ya Kibo haina kifuniko cha udongo cha kuilinda. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2, ingawa hewa ya kileleni bado ni ya kugandisha. Sehemu kubwa hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kwa sababu hewa ni kavu na jua ni kali. Sayari ya Mirihi, yenye angahewa jembamba na wastani wa karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, inafuata kanuni hiyohiyo: mbali na ncha zake, barafu iliyo wazi haidumu, bali ile iliyofukiwa huhifadhiwa na udongo mkavu uliolala juu yake. Mwaka 2008 chombo cha Marekani kiitwacho Phoenix, kilichotua upande wa kaskazini wa sayari hiyo, kilichimba sentimita chache tu na kufichua vipande vyeupe, ambavyo baada ya siku nne vilikuwa vimetoweka ndani ya mtaro bila kuacha tone la maji.