Spika Dhidi ya Upepo: Historia ya Muziki kwenye Pikipiki za Safari Ndefu za Marekani

Pikipiki ya safari ndefu, yaani ile iliyoundwa kumchukua dereva, abiria na mizigo yao kwa mamia ya kilomita kwa siku, ilipata muziki miaka mingi baada ya gari. Nchini Marekani redio ya gari ya Motorola iliingia sokoni mwaka 1930, na baadhi ya pikipiki za polisi zilifungwa vipokezi vya redio katika mwongo huohuo, lakini kwa msafiri wa kawaida muziki wa barabarani ulianza kuzoeleka katika miaka ya 1970. Kizuizi kikubwa kilikuwa upepo. Ndani ya gari spika hufanya kazi katika chumba kilichofungwa, ilhali juu ya pikipiki sauti hutawanyika hewani mara tu inapotoka, na mwendo wa barabara kuu ukishafikiwa, mvumo wa upepo masikioni huzidi hata ule wa injini.

Kilichofungua njia ni kinga-upepo, yaani gamba gumu lenye kioo linalofungwa mbele ya usukani ili kumkinga dereva. Harley-Davidson ilianza kuuza mwaka 1969 kinga-upepo ya Electra Glide iliyofananishwa na mabawa ya popo, na mwaka 1971 Craig Vetter wa Illinois akaanza kuuza ile aliyoiita Windjammer, ambayo iliweza kufungwa kwenye pikipiki za watengenezaji mbalimbali. Honda ilipotoa Gold Wing GL1000 ya mwaka 1975, pikipiki hiyo ilikuja tupu, bila kinga wala masanduku, na wanunuzi wengi wakamalizia kazi wenyewe kwa kufunga vifaa vya Vetter na wenzake. Gamba hilo liliwapa mahali pa kuweka redio na spika palipoelekea uso wa dereva. Honda ilisoma alama hizo, na GL1100 Interstate ya mwaka 1980 ikatoka kiwandani ikiwa na kinga na masanduku yake. Kufikia GL1200 LTD ya mwaka 1985, spika nne zilikuwa sehemu ya pikipiki. Katika historia hii mwenye pikipiki alitangulia karibu kila mara na kiwanda kikamfuata, na sifa hiyo anastahili kupewa.

Hata hivyo spika za kiwandani ziliwaacha wasafiri wengi na kiu, na sababu zake zimo katika fizikia. Kuongeza wati, kipimo cha nguvu za umeme, mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida, na ili sauti isikike kama imekuwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, maana yake nguvu mara kumi. Kwa sababu hiyo mafundi walijifunza kutazama kwanza wepesi wa spika, yaani kiasi cha sauti inachotoa kwa wati 1 mtu akiwa umbali wa mita 1, kwa kuwa spika ya desibeli 93 hufanya kwa wati 20 kile ambacho ile ya desibeli 90 hukifanya kwa wati 40. Walijifunza pia kwamba wimbi la sauti linalotoka nyuma ya koni, sehemu ya spika inayotikisika, huliua lile la mbele, hasa katika besi, endapo hakuna kisanduku cha kuyatenganisha, nao wakaanza kuziba mianya ya kinga kwa sponji na kuunda makasha nyuma ya spika. Koni za karatasi, zilizolainika kwa mvua, zilibadilishwa kwa za plastiki zenye ukingo wa mpira.

Kosa lililowaumiza wengi lilihusu omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Baadhi ya redio za Harley-Davidson zilitengenezewa spika za omu 2, na aliyenunua spika nzuri za gari za omu 4 akazifunga kwenye redio ileile alipata takriban nusu ya nguvu, hivyo akaondoka na spika za bei kubwa zenye sauti ndogo kuliko zile alizozing'oa. Dawa ilikuwa amplifaya, yaani kikuza sauti, lakini nayo hula umeme, na altaneta ya pikipiki, inayozalisha umeme huo, ni ndogo kuliko ya gari. Mambo yalibadilika zilipoenea amplifaya za daraja la D, ambazo huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuuchoma kwa joto, zikawa ndogo kiasi cha kujificha ndani ya kinga, pamoja na sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa katika miaka ya 1980, ambazo ni nyepesi na zina nguvu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini msafiri hakutumia vipokea sauti vya ndani ya helmeti. Sehemu ya jibu imo katika sheria: mwaka 1976 Bunge la Marekani liliiondolea serikali kuu uwezo wa kuyaadhibu majimbo yasiyolazimisha helmeti, na mengi yakalegeza masharti yake, ikiwemo South Dakota, ambako mkutano wa waendesha pikipiki wa Sturgis umefanyika tangu 1938. Kwa dereva wa kichwa wazi, spika ndiyo iliyobaki. California, kwa upande wake, inakataza kuziba masikio yote mawili wakati wa kuendesha.

Viwanda hatimaye viliwafuata mafundi kwa kuingia ubia na watengenezaji wa sauti: Harley-Davidson ilianza kufunga mifumo ya Harman/Kardon mwaka 2006, na mwaka 2021 ikatangaza ushirikiano na Rockford Fosgate, jina lililokulia katika amplifaya za magari huko Arizona. Lakini redio za Harley-Davidson zilizokuja mwaka 2014 zilikuwa na msawazo wa sauti, yaani uwiano wa besi na sauti nyembamba, uliopangwa kwa spika za kiwandani, na kuubadilisha kulihitaji kompyuta ya wakala. Mafundi huru walijibu kwa prosesa ya sauti, kifaa kinachopokea mawimbi kutoka redioni, kikafuta mpangilio wa kiwanda na kugawa upya besi na sauti nyembamba kabla ya kufika kwenye amplifaya, na leo ni nadra karakana ya kazi hiyo kukosa kifaa hicho.