Mfereji Hauvuji, Ardhi Inakunywa

Katika rasimu ya faharasa ya umwagiliaji niliyoletewa majuzi, maji yanayopotelea chini ya mifereji ya udongo yameitwa "uvujaji". Mimi nilikuwa nimependekeza "unyweleo". Kamati ya faharasa ikalikataa neno langu kwa hoja moja tu, kwamba halijazoeleka. Hakuna istilahi iliyozaliwa imezoeleka, na hoja hiyo imeniuma kwa sababu waliyoichagua inapotosha.

Kuvuja kunataka tundu. Paa huvuja, ndoo huvuja, mtumbwi huvuja. Hata siri huvuja kwa mdomo wa mmoja. Mfereji wa udongo hauna tundu la kuonyesha kwa kidole. Tangu kwenye banio hadi shamba la mwisho, ardhi yote iliyo chini yake inakunywa, na mkulima husema hivyohivyo: mchanga huu unakunywa maji. Kutoka nywa tukapata nywea, na kutoka nywea tukapata nywelea, kuingia taratibu ndani ya kitu mpaka kikalowa. Kinyweleo, kile kitundu cha ngozi kinachopitisha jasho, nakihesabu katika ukoo huohuo, ingawa wapo wanaoking'ang'aniza kwenye nywele. Wengine wameleta "upenyaji". Panya hupenya, mwanga hupenya, jasusi hupenya. Hakuna kati yao anayeilowesha ardhi.

Kosa hili la jina lina gharama, kwa kuwa unyweleo wenyewe una madhara. Katika Grand Valley, jimboni Colorado, Marekani, maji yaliyonywelea kutoka mifereji na mashamba hukutana na mwamba wa Mancos, ambao ni tope la bahari ya kale lililogeuka jiwe. Huyeyusha chumvi yake na kurudi nayo katika mto Colorado. Chini zaidi, Arizona, maji ya munyu ya mashamba ya Wellton-Mohawk yalianza kumwagwa mtoni mwaka 1961, na wakulima wa Mexicali, ng'ambo ya mpaka, wakaona mazao yao yakiharibika. Makubaliano na Meksiko yalipatikana 1973. Sheria ya Marekani ya kudhibiti chumvi katika bonde la mto huo ikafuata 1974. Baadaye kiwango cha chumvi kwenye bwawa la Imperial, katika mto huohuo, kikawekwa kisizidi miligramu 879 kwa lita.

Sasa mpe fundi neno "uvujaji" uone atakachofanya: atatafuta ufa auzibe. Grand Valley hawakutafuta ufa. Walisakafia mifereji kwa zege na utando wa plastiki, na mifereji midogo wakaigeuza mabomba, kwa kuwa walijua anayekunywa ni ardhi yenyewe.

Matumizi ni mepesi: unyweleo wa mfereji, kupunguza unyweleo, maji yaliyonywelea.

Kamati inakutana tena. Nitaliwasilisha neno lilelile, herufi kwa herufi, na safari hii nitaomba nijibiwe kwa maandishi.