Jeni ya TREM2 na ugonjwa wa kusahau uzeeni

Katika jumuiya zetu, mama mzee anayesahau majina ya wajukuu, anayepotea njia ya shamba au kusema peke yake usiku, haraka husemwa kuwa mchawi. Wengine wamefukuzwa, wengine wameuawa. Inafaa basi wapendwa wajue kinachotokea ndani ya ubongo wa mtu kama huyo.

Ubongo una chembe zake za kinga, ziitwazo mikroglia. Kazi yao ni kama salongo: kuzoa mabaki ya chembe zilizokufa na uchafu mwingine. Lakini salongo haianzi bila mtu kupiga filimbi. Juu ya mikroglia kuna kipokezi kinachotambua mafuta ya chembe zilizoharibika, kisha kinapeleka ishara ndani kupitia protini iitwayo DAP12. Jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza kipokezi hicho ni TREM2, iliyo kwenye kromosomu ya 6.

Nguvu ya jeni hii ilionekana kwanza katika ugonjwa adimu wa Nasu-Hakola, wenye majina ya waganga wa Japani na Ufini. Mgonjwa huvunjika mifupa akiwa bado kijana, na akili hupotea kabla hajawa mzee. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba TREM2 iliyoharibika inaweza kuuleta. Ni lazima mtoto arithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia, nao kwa kawaida ni wazima. Ndiyo maana ugonjwa hutokea katika nyumba ambamo hakuna aliyeutazamia.

Mwishoni mwa 2012 makundi mawili, moja la Isilandi, yalitangaza badiliko dogo la TREM2 liitwalo R47H. Nakala moja tu huongeza hatari ya Alzheimer karibu mara tatu. Mikroglia hushindwa kuzunguka vema mabonge ya protini ya amiloidi yanayojikusanya ubongoni. Hata hivyo wagonjwa wengi hawana badiliko hilo, na wengi walio nalo hawaugui. Umri unabaki hatari kubwa zaidi. Kwa watu wa asili ya Afrika R47H ni adimu sana. Hata APOE4, jeni inayotajwa zaidi, ilionekana kuwa na nguvu ndogo kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, kwa hiyo hesabu za Ulaya zisibebwe hivi hivi mpaka Bukavu.

Dawa je? AL002, iliyokusudiwa kuiamsha TREM2, ilijaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2024 ikaonekana haipunguzi mwendo wa Alzheimer.

Lakini si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende, huzuni nzito na hata dawa fulani huweza kuleta hali inayofanana, na hizo zina matibabu. Mzee apelekwe hospitali apimwe kwanza, kabla watu hawajaitana kikao juu yake.