Kukata mguu au kufungua mshipa?

Kwetu Obokote, mzee akipata kidonda cha kidole cha mguu kisichopona, kidole kikageuka cheusi, wako wanaosema amekanyaga dawa ya adui. Wiki zinapita kabla hajamwona munganga. Mara nyingi chanzo ni mshipa unaopeleka damu mguuni: umezibwa na mafuta yaliyogandamana ndani yake. Tumbaku, ugonjwa wa sukari na tansio ya juu huuharibu polepole.

Zamani hata waganga wa Ulaya hawakuwa na mengi ya kufanya ila kukata. Mwaka 1946, mjini Lisbon, João Cid dos Santos alipasua mshipa na kutoa uchafu ulioziba. Mwaka 1948, mjini Paris, Jean Kunlin alichukua mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe, akaushona juu na chini ya mahali palipoziba. Damu ikapita pembeni, kama pikipiki inavyozunguka daraja lililovunjika.

Kupima kulikuja pia. Mwaka 1950 Mmarekani Travis Winsor alilinganisha tansio ya kifundo cha mguu na ile ya mkono. Ya mguu ikiwa chini ya 0.9 ya ile ya mkono, mshipa umeugua. Ikiwa chini ya 0.4, hali ni mbaya sana. Mwaka 1954 René Fontaine wa Strasbourg aligawa ugonjwa katika hatua 4: bila dalili, maumivu ya kutembea, maumivu hata ukiwa umelala, kisha kidonda na kuoza.

Januari 1964, huko Portland, Marekani, mama wa miaka 82 alikataa kukatwa mguu. Charles Dotter alipitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wake, akaupanua. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona. Mama huyo alifariki baadaye akiwa na miguu yake miwili.

Matibabu hayo si rahisi kuyapata hapa kwetu, na mara nyingine kukata ndiko kunakookoa maisha. Lakini kushika mguu kujua kama ni baridi, kutafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, na kulinganisha miguu miwili, hayo muuguzi wa kituo cha afya anayaweza. Maumivu ya usiku yanayopungua ukining'iniza mguu kitandani ni hatua ya 3 ya Fontaine. Usingoje ya 4.