Msaidizi wa mbali: Kazi za kumwachia na zisizofaa kuachwa

MJI wa Moshi, ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, una kampuni ndogo za utalii ambazo mwenye mali ndiye meneja, ndiye mhasibu na mara nyingine ndiye kiongozi wa wageni. Anapokuwa mlimani kwa siku sita hadi nane, barua pepe za wateja hukaa bila majibu, na mteja asiyejibiwa hutafuta kampuni nyingine.

Tatizo hilo huongezwa na tofauti ya saa. Saa 9 alasiri mjini New York ni saa 4 au saa 5 usiku mjini Moshi, kutegemea majira ya mwaka. Mteja wa Marekani huuliza bei wakati mwenye ofisi amekwisha kulala.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hiyo ni kutumia msaidizi wa mbali. Huyu ni mtu anayelipwa kufanya kazi za ofisi kwa njia ya intaneti na simu, bila kulazimika kufika ofisini. Anaweza kuwa Dar es Salaam, Nairobi au hata Marangu.

Mazingira ya kazi hiyo yamejengwa hatua kwa hatua. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wakati ambapo mawasiliano ya intaneti yalitegemea zaidi satelaiti kwa gharama kubwa. Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari.

Kazi zinazofaa kumkabidhi msaidizi ni zile zenye utaratibu unaojulikana: kujibu maswali ya mwanzo, kupanga tarehe, kuulizia nafasi hotelini, kuandaa ankara na kuingiza matumizi katika vitabu vya hesabu. Vivyo hivyo kwa mkulima wa Materuni anayepokea wageni wa kutazama kahawa na maporomoko ya maji. Miadi yake inaweza kupangwa na mtu mwingine yeye akiwa kihambani.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ambayo mwenye biashara hapaswi kuyaachia.

La kwanza ni fedha. Msaidizi anaweza kuandaa malipo, lakini anayeidhinisha awe mwenyewe. Namba ya siri ya simu au ya benki haitolewi kwa mtu yeyote, hata kwa siku moja.

La pili ni laini ya simu na anwani ya barua pepe ya biashara. Kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole, ile iliyosajiliwa kwa jina la msaidizi ni yake kisheria. Akiondoka, ataondoka na wateja wote waliozoea namba hiyo.

La tatu ni kauli ya mwisho kuhusu safari yenyewe. Msaidizi anayetafuta mauzo anaweza kumwahidi mgeni safari ya siku tano kwa bei nafuu. Siku zikipungua, mwili hukosa muda wa kuzoea hewa nyepesi na hatari ya maradhi ya mwinuko huongezeka. Bei ikishuka mno, pengo huweza kuangukia ujira wa wapagazi, maarufu kama wagumu. Aidha, mgeni mwenye maradhi ya moyo aelekezwe kwa daktari, asijibiwe na mtu wa mauzo.

Tahadhari hiyo inahusu pia programu zinazojibu wateja zenyewe. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, inaweza kutuma salamu na majibu yaliyoandikwa mapema. Programu za akili bandia zilizofuata hutunga majibu yake, na huweza kutaja jambo lisilokuwapo. Mwaka 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamuru shirika la ndege la Air Canada kumlipa abiria aliyepewa maelezo ya nauli yasiyo sahihi na programu ya tovuti yake. Shirika lilijitetea kuwa haliwajibiki kwa maelezo hayo, lakini utetezi huo ulikataliwa.

Kwa upande wa sheria, nakala za pasipoti na fomu za afya za wageni ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo kusajiliwa na Tume husika, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mkataba unaweza kusainiwa kwa njia ya kielektroniki, jambo linalotambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Suala la kodi ya zuio liulizwe katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya malipo ya kwanza.

Anayeanza anashauriwa kukabidhi kazi moja tu kwa mwezi wa majaribio. Bei, tarehe na masharti yaandikwe katika waraka mmoja ambao msaidizi haruhusiwi kutoka nje yake. Kila akaunti iwe na neno la siri la msaidizi peke yake, linaloweza kufutwa siku anapoacha kazi. Taarifa ya kila wiki ieleze wateja waliouliza, waliojibiwa na waliolipa.

Mgeni akifika Moshi na kukuta aliyoahidiwa hayapo, atakayesimama mbele yake ni mwenye kampuni. Msaidizi hatakuwapo.