Kipimo cha Pembe

Mwindaji wa gobori huko Marekani alijichongea kipimo cha baruti kwa ncha ya pembe ya kulungu. Zilipokuja risasi zenye ganda la shaba, alikata ganda kuukuu, akalitia mkono wa waya, akapata kijiko cha kuchotea baruti. Baruti ilihesabiwa kwa punje, 7,000 katika ratili moja. Risasi ya jeshi ya 1873, .45-70, ilibeba hesabu hiyo katika jina lake: punje 70. Usiku kambini, wawindaji wa nyati walijaza upya maganda yao, na kulipokucha wakaendelea kuua. Kufikia 1889, William Hornaday alihesabu nyati 1,091 tu, mabaki ya mamilioni. Baruti ilipimwa tangu mwanzo; nyati walihesabiwa walipokaribia kwisha.